Kujifunza muziki wa asili wa Ayalandi ukiwa hapa Kisumu

Kama umekulia kwa sauti ya orutu, ile fidla ya Waluo, basi fidla ya Ayalandi haitakushtua sana, ni upinde tu unapita juu ya nyuzi, ingawa orutu iko na uzi mmoja na fidla nne. Anza na bendi ya The Chieftains, walianza Dublin 1962, watafute YouTube ukiwa na bando ya kutosha juu ukianza huachi. Usikimbilie majina ya nyimbo, kwanza hesabu na mguu aina za midundo ya densi: jigi ni moja-mbili-tatu moja-mbili-tatu, rili inaenda nne nne, ukishindwa kutofautisha rudia tu hata kwa matatu ya Kondele. Nyingi ziko na sehemu mbili, kila moja inachezwa mara mbili halafu wanarudi mwanzo, ukishika hapo hupotei. Ukitaka kucheza tafuta filimbi ya bati ya D (yaani ya ufunguo wa D), mashimo sita, na usijisumbue na noti, hawa watu wanafunzana kwa kusikia kama wazee wetu wa nyatiti, kile kinubi cha Waluo, so punguza spidi ya video iwe nusu, shika kipande kidogo, imba na mdomo kwanza ndio upulize. Majirani watalalamika. Wangu waliniambia nikapulizie viboko ziwani.