Somo: Kusasisha redio za MikroTik kupitia hewani, ukianzia mwisho wa mnyororo

Wakuu, salaam. Wengi mmeomba somo la kusasisha programu dhibiti ya redio (vifaa vya kurusha mtandao hewani) ukiwa mjini Moshi, bila kupandisha Kibosho na ngazi begani. Inawezekana kabisa, ila mpangilio ndio kila kitu.

Tuchukue mfano: redio ya mjini inarusha kwenda mnara wa Kibosho, mnara unarusha shuleni, shule inarusha zahanati iliyo juu zaidi.

1. Ingia kila redio kwa Winbox (programu ya kusimamia redio za MikroTik kwenye kompyuta), andika toleo na aina ya prosesa (`/system resource print`). Faili la prosesa ya mipsbe haliingii kwenye prosesa ya arm. Angalia na nafasi: redio nyingi ndogo zina flashi (hifadhi ya ndani) ya MB 16 tu.

2. Toa nakala rudufu kwa `/export file=leo`, uivutie kwenye laptopu. Nakala iliyobaki ndani ya redio haitakusaidia redio ikifa.

3. Peleka mafaili kwenye redio zote kwanza: `/system package update download`. Usiwashe upya hata moja.

Hapa ndipo watu wanaumia. Tangu toleo la 7.13 la RouterOS (programu dhibiti ya MikroTik), Desemba 2023, kifurushi cha wireless, kinachoendesha mawimbi ya redio za zamani, kilitolewa nje ya kifurushi kikuu. Ukiburuta kifurushi kikuu peke yake, redio ya zamani itawaka vizuri, ethaneti itafanya kazi, lakini hewani haitakuwepo. Kilichobaki ni mtu kupanda mlingoti. Kwa hiyo aliye chini ya 7.12 apite kwanza 7.12.1, ndipo asonge mbele. Kifurushi kitaongezwa chenyewe. Anayeburuta kwa mkono aweke mafaili yote mawili, ya toleo moja.

4. Sasa washa upya, ukianzia mbali: zahanati, shule, mnara, mjini mwisho. Zahanati ikigoma umepoteza tawi moja. Mnara ukigoma kwanza, wote walio nyuma yake wamekatika na huwezi kuwafikia. Kila linki ikirudi, fungua registration table (orodha ya redio zilizounganishwa hewani) uone ishara imerudi ilipokuwa, ndipo uende inayofuata.

Redio inaandika flashi wakati huo wa kuwaka upya. Umeme ukikatika katikati, inaweza isiamke tena mpaka uifufue kwa Netinstall (programu ya MikroTik ya kusakinisha upya kutoka kwenye laptopu) na kebo. Hakikisha kila kituo kina betri, na msimu wa masika usianze mawingu yakiwa yametanda.

5. Maliza na RouterBOOT (programu ndogo inayoiwasha redio): `/system routerboard upgrade`, kisha uwashe upya tena, kwa mpangilio uleule.

Maswali ya wanachama

*Fundi wa Marangu:* Mkuu, nikiwasha Safe Mode, toleo jipya likigoma si itarudi la zamani?

Hapana ndugu yangu. Safe Mode inarudisha mipangilio uliyobadilisha pale muunganisho unapokatika. Haigusi toleo.

*Dada wa Usa River:* Naomba kuuliza, nikiweka scheduler (ratiba ya ndani ya redio) iwashe upya saa tisa usiku wateja wamelala?

Inawezekana dada, lakini redio nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukikatika, saa inapotea, na kazi yako itafanyika muda usioutaka. Weka NTP (huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao) kwanza. Mimi bado napendelea kuifanya nikiwa macho mbele ya skrini.

*Kijana wa Arusha:* Shikamoo kaka. Redio ya mwisho wa mnyororo nimeiwasha upya haijarudi, dakika ishirini sasa. Niendelee na nyingine?

Marahaba. Usiguse nyingine yoyote. Ingia redio iliyo kabla yake, tazama registration table. Kama MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya iliyopotea ipo lakini IP haijibu, ingia kwa `/tool mac-telnet` urekebishe anwani. Kama haipo kabisa, mpigie aliye karibu achomoe adapta, ahesabu mpaka kumi, arudishe. Ikikataa hapo, panda, na ubebe laptopu yenye Netinstall, kebo, na mafaili ya prosesa uliyoandika hatua ya kwanza.