Kusoma Mkondo wa Mto Kabla ya Kutupa Ndoana

Mvuvi anayetupa ndoana popote anapoona maji hushinda kutwa akiosha chambo tu, kwa kuwa samaki wa mtoni hawakai ovyo. Maji ya kasi humletea samaki chakula na hewa, lakini pia humchosha. Kwa hiyo hutafuta mahali anapoweza kutulia bila kushindana na mkondo, huku chakula kikipita karibu naye.

Ili kupatambua mahali hapo, okota jani kavu, litupe juu ya mkondo, kisha ulifuate kwa macho. Katikati litakwenda mbio. Likifika kwenye jiwe kubwa litapinda, na nyuma ya jiwe huenda likasita, likazunguka, hata likarudi nyuma kidogo kabla ya kuchukuliwa tena. Mstari huo wa maji ya kasi kukutana na maji tulivu, ambao mara nyingi huonyeshwa na povu jembamba, ndio wa kuvuliwa kwanza. Wengi hukimbilia katikati ya kidimbwi, pale mto unapotulia, kwa sababu ya kina chake, ingawa kwa maoni yangu pale mwanzoni, maji ya kasi yanapoingia kwenye kina, panalipa zaidi. Kwenye kona, tafuta upande wa nje, ambako mto huchimba ukingo na kuacha mizizi ikining'inia majini; upande wa ndani hujaa mchanga na maji huwa haba.

Aina ya samaki nayo izingatiwe. Kisinja, samaki mwenye magamba wa mito na maziwa ya huku, hupenda maji yaendayo kasi penye mawe, kama yale ya Naili ya Victoria, sehemu ya Mto Naili inayotoka Ziwa Victoria, ilhali kambare, ambaye huweza kuvuta hewa juu ya maji, huvumilia vidimbwi vya matope na hutembea zaidi usiku.

Wakati wa kiangazi maji hupata joto na hewa iliyoyeyuka ndani yake hupungua, kwa hiyo tafuta kina, kivuli, na mahali kijito baridi kinapoingilia mto; alfajiri ni bora kuliko adhuhuri. Katika mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, mto ukifurika, samaki husogea kandokando kukwepa nguvu ya maji. Majira hayo ndiyo samaki aitwaye ningu hupanda mito ya bonde la Ziwa Victoria kwenda kutaga, na asiguswe: katikati ya karne ya 20 alipungua mno, hasa kwa sababu ya nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito.

Kwa kuwa samaki huelekeza kichwa kule maji yanakotoka, mkaribie kutoka upande wa chini, bila vishindo, wala kivuli chako kisianguke majini. Tupa chambo kidogo upande wa mkondo unakotoka, kabla ya mahali ulipopachagua, na chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, iwe nyepesi kiasi cha kuuacha mkondo ukipeleke wenyewe.