Jinsi ya kuunganisha mwanasesere wa vipande bila kuvunja kigingi

Mwanasesere wa vipande humpati dukani akiwa mzima. Kampuni hutoa mfululizo wa wanasesere, mara nyingi sita au saba, na ndani ya boksi, pembeni mwa mwanasesere mwenye boksi lake, huwekwa mguu, mkono, kichwa au kiwiliwili cha mhusika mwingine kabisa. Ukiwakusanya wote unaunganisha vile vipande, na anapatikana mmoja wa ziada. Katika Marvel Legends, wanasesere wa wahusika wa katuni za Marvel, kampuni ya Toy Biz waliuanza mtindo huu mwaka 2005 na Galactus, jitu linalowafanya wenzake wa inchi 6 waonekane watoto. Hasbro waliochukua leseni 2007 waliendelea na Annihilus, na 2008 kampuni ya Mattel wakaingia na DC Universe Classics, wanasesere wa wahusika wa katuni za DC, wakiuita mpango wao Collect and Connect na kuanza na Metamorpho.

Nimeshaunganisha wengi, na wengine nimewavunja. Waliovunjika karibu wote walivunjika kwa sababu moja: nilifanya haraka, nikasahau kwamba vigingi vya wanasesere hawa, yaani vile vijiti vya plastiki vinavyoingia tunduni kushikanisha vipande, vimetengenezwa viingie mara moja tu. Kigingi kina kichwa kipana kama uyoga na shingo nyembamba. Kikishapita mdomo wa tundu, kile kichwa hunasa kwa ndani, na kukitoa tena ni kubahatisha. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla hujasikia mlio wa kwanza wa kipande kuingia.

Hatua ya 1: Jua vipande viko wapi

Kabla ya kununua chochote, geuza boksi. Nyuma kuna picha ya mfululizo mzima, na kwa kawaida utaoneshwa ni kipande kipi kimewekwa kwa nani. Soma kwa makini, maana si kila boksi lina kipande. Kuna mifululizo ambamo mwanasesere mmoja au wawili hawana kitu, na kuna boksi lenye vipande viwili, kwa mfano kichwa pamoja na silaha. Mtu akiona wanasesere saba hudhani kuna vipande saba, akanunua mmoja asiyemhitaji.

Andika orodha yako mwenyewe: kipande, jina la mwenye boksi, na kama unamtaka huyo mwenye boksi kwa ajili yake mwenyewe. Safu hii ya tatu ndiyo itakayokuokolea fedha. Usiyemtaka si lazima umnunue, kwani wapo wakusanyaji wanaofungua boksi, wakambakiza mwanasesere na kuuza kipande, na wapo wanaofanya kinyume chake. Badilishana nao. Ila tafuta mapema kile kipande kilichofungwa pamoja na mhusika asiyependwa. Maduka huagiza wachache wa aina yake, na mfululizo ukishapita, mguu wake mmoja unaweza kukugharimu kuliko mwanasesere mzima.

Hatua ya 2: Kagua kabla ya kulipa

Ukinunua kipande peke yake kutoka kwa mkusanyaji mwingine, omba picha ya kigingi kwa karibu. Picha ya mguu mzima haitakuambia lolote la maana. Angalia shingo ya kigingi: ukiona alama nyeupe, kama mkunjo kwenye plastiki, ujue kimeshapindwa kwa nguvu na kimeanza kukatika kwa ndani. Kitakubali kuingia, lakini hakitadumu. Pia uliza kama kipande kiliwahi kuunganishwa na kutolewa. Kigingi kilichotolewa huwa kimekwaruzwa kingo, na kiungo chake hulegea.

Rangi nayo iangalie. Mhusika mmoja anaweza kutolewa tena miaka ya baadaye akiwa na rangi iliyokolea zaidi au iliyofifia, na mkono wa toleo moja ukaingia vizuri kabisa kwenye kiwiliwili cha toleo jingine. Utaunganisha, utamweka kwenye rafu, na kila siku jicho litaenda kwenye ule mkono tu. Plastiki nyeupe iliyokaa juani hugeuka manjano, na hakuna kuosha kutakakoirudisha.

Hatua ya 3: Panga vyote mezani, kisha subiri

Usiunganishe hata kipande kimoja mpaka vyote viwe mkononi. Najua inavyouma kuwa na kiwiliwili na miguu miwili halafu ukaambiwa usubiri. Lakini ukishafunga miguu na mkono wa mwisho ukaja na kasoro, umebaki na kiumbe nusu ambacho huwezi kukibadilisha wala kukiuza kwa vipande. Weka kila kipande kwenye mfuko wake mdogo na uandike jina juu.

Vikikamilika, vilaze mezani kwa umbo la mwili. Hapa ndipo unapotofautisha kulia na kushoto, kosa linalowapata hata wazoefu. Kwenye mguu, tazama goti na vidole vya unyayo, vyote vielekee mbele. Kwenye mkono, kunja kiwiko kisha uone kiganja kinaelekea wapi. Majitu yenye mikono minene iliyojaa misuli hupotosha sana, kwa hiyo linganisha na picha ya boksi na usiamini kumbukumbu. Sogeza kila kiungo ukiwa bado umeshika kipande peke yake. Kama goti limegandishwa na rangi, ni rahisi zaidi kulilegeza sasa kuliko likiwa limebeba mwili mzima.

Hatua ya 4: Joto

Wanasesere hawa huchanganya plastiki za aina mbalimbali, hasa PVC na ABS. PVC hutumika sana sehemu zenye unyumbufu, na ABS sehemu zinazotakiwa ziwe ngumu. PVC ngumu huanza kulegea joto linapokaribia nyuzi 80 za Selsiasi, na iliyolainishwa hulegea mapema zaidi, lakini ABS hustahimili mpaka karibu na nyuzi 100. Tofauti hiyo ndiyo inayotusaidia: maji yaliyotoka kuchemka, ukayaacha dakika moja kwenye bakuli, yatalegeza mdomo wa tundu la PVC bila kudhuru vigingi vingi.

Sasa shika hili, kwa sababu wengi hulifanya kinyume: pasha moto upande wenye tundu na uache kigingi kikiwa baridi. Tundu likilegea hutanuka na kupokea. Kigingi kikilegea hupinda, na ukisukuma kigingi laini ndani ya tundu gumu, shingo yake hujikunja na kukatika. Kama tundu liko kiwiliwilini, zamisha sehemu hiyo kwa sekunde 30 hadi 60, toa, futa maji haraka, kisha sukuma. Mashine ya kukaushia nywele hufaa pale ambapo hutaki maji yaingie ndani, mradi uizungushe na usiiachie sehemu moja. Kwa vipande vilivyopakwa rangi ya metali mimi hutumia mashine daima, maana maji ya moto yamewahi kunibandulia rangi ya kifua.

Moto wa kiberiti au wa jiko usiukaribie kabisa.

Hatua ya 5: Mpangilio wa kuunganisha

Anza na kiwiliwili kama kimekuja vipande viwili, kifua na nyonga. Halafu miguu, kisha mikono. Wengine hutanguliza mikono kwa kuwa ni rahisi. Mimi nakataa, kwa sababu miguu ndiyo inayodai nguvu nyingi, na ukisukuma mguu huku mikono imeshafungwa, mkono wako utashika mkono wake bila wewe kujua na kukata bega. Mkia na mabawa yafuate mikono. Vazi la mgongoni au ukosi unaovaliwa shingoni uwekwe kabla ya kichwa, kwani mara nyingi hupita juu ya kigingi cha shingo. Kichwa huja mwisho.

Unaposukuma, shika karibu na kiungo chenyewe. Ukishika unyayo na kusukuma nyonga, nguvu yako yote hupita kwenye kifundo na goti kwanza. Sukuma moja kwa moja, ukitikisa kidogo sana kushoto na kulia, na usizungushe. Kuzungusha ndiko kunakokata shingo ya kigingi. Kama hakijaingia baada ya misukumo mitatu, acha na upashe moto upya. Plastiki hupoa haraka kuliko unavyodhani, na msukumo wa nne kwenye plastiki iliyopoa ndio ulionivunjia bega la jitu nililolitafuta miaka miwili.

Utasikia mlio mdogo au utahisi mkononi kipande kikikaa. Tazama mwanya kati ya vipande viwili: uwe sawa mzunguko mzima. Ukiwa mpana upande mmoja, kigingi kimeingia nusu. Rudisha kwenye maji ya moto sasa hivi, kabla hakijapoa.

Kikikataa kabisa, paka tone la mafuta ya silikoni kwenye kichwa cha kigingi. Usitumie mafuta ya mashine yatokanayo na petroli, kwani baadhi yake hudhoofisha ABS na kuleta nyufa baada ya muda. Kitoa rangi ya kucha chenye asetoni usikiweke hata meza moja na kazi yako, maana asetoni huyeyusha ABS. Njia ya mwisho ni kupunguza kingo za kichwa cha kigingi kwa msasa laini, mizunguko michache, ukijaribu kila mara. Ukizidisha, kiungo kitacheza.

Hatua ya 6: Viungo vilivyolegea na vilivyopinda

Jitu zito huanguka kwa sababu ya nyonga au vifundo. Kama kiungo kinaweza kutoka, kitoe kikiwa cha moto, paka gundi ya supa gluu utando mwembamba sana kwenye mpira wa kiungo, kisha uache ukauke kabisa, saa kadhaa, kabla ya kurudisha. Gundi hapa hainati kitu, inanenepesha mpira tu. Ukirudisha ikiwa mbichi, umekifunga kiungo milele. Usiitumie karibu na sehemu za plastiki angavu, kwa maana mvuke wake huacha ukungu mweupe.

Upanga, mkuki au mguu uliopinda kwa kubanwa ndani ya boksi hunyooka kwa maji ya moto. Unyooshe kwa vidole, kisha uzamishe papo hapo kwenye maji baridi ukiwa bado umeushikilia. Bila maji baridi utarudi ulikotoka.

Hatua ya 7: Kigingi kikivunjika

Usitupe. Sawazisha pande zote mbili kwa kisu kikali na tupa ndogo. Weka nukta katikati ya kila upande, toboa kwa keekee ndogo ya mkono tundu la milimita 1 hadi 2, na uingize waya mgumu wa unene huohuo. Kibanio cha karatasi kilichonyooshwa kinatosha kwa mkono wa kawaida, ila kwa majitu tafuta waya mnene zaidi. Toboa polepole, kwa sababu keekee ikienda haraka huyeyusha plastiki na tundu huhama. Kama unataka kiungo kiendelee kuzunguka, tia gundi upande mmoja tu na uache upande wa pili ushikwe na msuguano.

Mwache mwanasesere asimame saa 24 kwenye sehemu isiyopigwa na jua kabla ya kumweka katika mkao mgumu. Plastiki iliyopashwa moto inahitaji muda kukaza, na ukimweka mguu mmoja hewani siku ya kwanza utamkuta ameinama asubuhi. Kesho yake anza kwa kusogeza nyonga, kiungo kinachobeba kila kitu, ukiwa umeshika paja.