Mukitaka kuleta injinia wa matetemeko aje kutoa lekcha chuoni hapa Mombasa, fanyeni hivi

Nyie wanafunzi wa uinjinia, iwe muko TUM (Technical University of Mombasa) pale Tudor ama kampasi nyengine, mukianza tu kutaja lekcha ya matetemeko kila mtu atawauliza, kuanzia mwenyekiti wa idara mpaka askari wa geti, kwani huku kuna tetemeko? Musilikwepe hilo swali. Subukia mwaka 1928 kulipiga tetemeko la ukubwa wa 6.9, Kenya hii hii, na lile la Agosti 12, 2020 lililotokea baharini upande wa Tanzania lilihisiwa mpaka huku Mombasa. Yatieni hayo kwenye barua ya ombi, aya ya kwanza kabisa, manake barua ikianza na maneno ya kupanua maarifa ya wanafunzi itakaa mezani kwa mtu mpaka muhula uishe.

Mgeni mutafuteni mtu aliyechora majengo kwa mkono wake au aliyekwenda kuangalia yaliyoanguka, cheo kije baadaye. Akiwa yuko nje mutumie Zoom lakini pigeni hesabu ya saa, kwa mfano Japani wametutangulia masaa 6, yaani saa nane mchana kwetu kwao ni saa mbili usiku, bado mtu ana nguvu ya kuongea.

Halafu musimwachie achague mada peke yake, atakuja na slaidi alizozizoea na watu watasinzia. Mtumieni picha za fleti zetu, zile ambazo chini ni maduka au parking, nguzo tupu, kisha kuanzia ghorofa ya kwanza ni kuta kote kote, mwambieni atueleze jengo kama hilo likitikiswa inakuwaje na kwa nini ile sakafu ya chini ndo inayobeba karibu msukosuko wote. Muulizeni pia habari ya udongo. Mexico City mwaka 1985 tetemeko lilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini lakini mji umekaa juu ya tope la ziwa la zamani, na lile tope lilikuza mtikisiko mpaka majengo ya ghorofa za katikati yakaumia kuliko mengine, kwa hivyo ukisema tetemeko liko mbali hujamaliza maneno. Na Kobe, Japani, mwaka 1995, bandari iliyojengwa juu ya ardhi ya kujaziwa iliharibika vibaya sana, ule mchanga uliolowa ukageuka kama uji. Sisi bandarini Kipevu tuna kituo cha makontena kilichojengwa juu ya ardhi ya kujazwa vilevile, hilo ni swali zuri sana kwa mgeni yeyote na naomba lisikose.

Sasa hapa ndo nataka mutulie. Tafuteni fundi wa kukunja vyuma, yule yule wa saiti za mjini, mumlete siku hiyo na ringi mbili za nguzo, yaani vile vyuma vinavyozungushwa kuvifunga vyuma vya kusimama. Moja ncha zake zimekunjwa digrii 90, yaani kona ya kawaida, na ya pili ncha zimekunjwa digrii 135 zikaingia ndani mpaka katikati ya nguzo. Wapeni watu wazishike, zizunguke ukumbi mzima. Halafu mgeni aeleze: nguzo ikitikiswa ile konkriti ya nje inabanduka, ringi ya 90 haina tena cha kuishika inafunguka, vile vyuma vya kusimama vinapinda nje na nguzo imekwisha. Ile ya 135 inabaki imeng'ang'ania. Kocaeli, Uturuki, mwaka 1999 ringi za digrii 90 zilionekana kwenye majengo mengi yaliyoanguka. Tofauti ni chuma cha sentimita chache tu kwa kila ringi jamani! Kisha mpeni fundi maiki aseme kwa nini saitini watu wanakunja 90, atawaambia 135 ni ngumu kuipenyeza vyuma vikishafungwa, na hapo mgeni na fundi wakianza kujibizana nyie nyamazeni, hiyo ndo lekcha yenyewe.

Mambo ya siku yenyewe ni ya kawaida: Ijumaa mchana hapana, Ramadhani wekeni asubuhi, ukumbi uwe na feni zinazofanya kazi, na kama mgeni anatoka Kusini mwambieni avuke Likoni mapema. Stima ikipotea slaidi zinapotea lakini ringi zipo. Mgeni aongee dakika 45, maswali yapewe muda kama huo huo, na yakusanyeni kwenye WhatsApp kabla ili asianze kuuliza yule anayetaka kuhutubia. Mainjinia wa mjini pia watakuja kama kuna pointi za CPD, zile za kujiendeleza kitaaluma, hivyo ulizeni EBK, bodi ya mainjinia ya Kenya, mapema kama lekcha yenu inaweza kutambuliwa, musingoje wiki ya mwisho.

Nauli ya mgeni na posho ya fundi ziwe tayari kwenye bahasha kabla hawajafika. Fundi siku hiyo hakwenda saiti, mlipeni siku yake yote. Rekodini, na kile kipande cha ringi mukikate peke yake, muombe ruhusa kwa wote wawili kisha mukitume kwenye magrupu ya mafundi kwa Kiswahili, wiki hiyo hiyo.