Kuhama chuo Marekani wakati wazazi hawana uwezo: anza na pesa, jina la chuo baadae

Wadogo zangu mlioko vyuoni Marekani na mnataka kutransfa, na wazazi wenu wako huku Wete, Makunduchi au Ng'ambo hawawezi kulipa hata robo ya ada, hii nakuandikieni nyinyi. Swali la mwanzo si chuo gani kizuri. Ni chuo gani kinampa msaada wa fedha mwanafunzi wa nje ANAYEHAMIA, mana hapo pana vitu vitatu na watu wanavichanganya. Kuna msaada wa Wamarekani, huo wa FAFSA (fomu ya kuomba pesa za serikali yao), wewe wa viza ya mwanafunzi, F-1, haukuhusu kabisa. Kuna msaada kwa wanafunzi wa nje wanaoingia mwaka wa kwanza. Halafu kuna msaada kwa wa nje wanaohamia, na huu ndo adimu kuliko yote, chuo kinaweza kuwa kinawapa watu wa mwaka wa kwanza kila kitu na wanaohamia kutoka nje kisiwape hata senti.

Kabla hujaenda mbali, nenda ofisi ya msaada wa fedha ya hapo hapo ulipo. Kama tatizo lako ni pesa tu, labda baba kaumwa, biashara imeanguka, shilingi imeshuka, basi omba wakuangalie upya na uwapelekee ushahidi wa kilichobadilika. Wengine huongezewa na habari ya kuhama inaishia hapo.

Kama unahama kweli, vyuo vya serikali vya majimbo vitazame kwa uangalifu, mana mtu wa nje analipishwa ada ya mtu asiye mkaazi wa jimbo na msaada wao kwa wageni ni mdogo. Community college, vile vyuo vya miaka miwili, bei yake ni nafuu zaidi lakini nazo msaada kwa wa nje ni shida. Kwa hivo wengi wetu tunabakia na vyuo binafsi vyenye mifuko mikubwa, na huko nafasi za kuhamia ni chache mno: Harvard kwa wastani inachukua kama watu 12 kwa mwaka, Yale 20 mpaka 30, Princeton ilifunga mlango huo tangu 1990 ikaufungua tena 2018. Hivyo ni vyuo ambavyo ukikubaliwa vinalipia unachohitaji chote, omba kama una alama, lakini usiweke vitatu hivyo peke yake ukakaa kusubiri. Tafuta na vyuo vidogo vya sanaa na sayansi, vile vya wanafunzi elfu mbili tatu ambavyo hakuna mtu Darajani aliyewahi kuvisikia, huko ndo mara nyingi mlango unakuwa wazi zaidi.

Sasa namna ya kuuliza. Ukiandika "mnatoa skolashipu?" watakutumia linki basi. Andika imeili fupi kwa ofisi ya udahili, sema mimi ni raia wa Tanzania, niko mwaka wa pili chuo fulani kwa F-1, naomba kuhamia muhula wa Septemba, halafu uliza: msaada wa kuzingatia uwezo wa familia upo kwa wanaohamia kutoka nje au hakuna? Kuomba msaada kunapunguza nafasi yangu ya kukubaliwa? Mkinikubali mnajaza pengo lote au sehemu, na ni kwa mihula mingapi? Majibu yao yahifadhi, usiyafute. Chuo kikisema hakuna, kifute kwenye orodha siku hiyo hiyo, hata kama ndo kile ulichokipenda tokea skuli.

Na kuna ushauri unazunguka eti usitie alama ya kuomba msaada ili ukubaliwe kwanza, pesa utaomba ukishaingia. Usifanye hivo jamani. Vyuo vingi vina sheria kwamba mwanafunzi wa nje asiyeomba msaada wakati wa kuomba nafasi hapewi tena mpaka anamaliza. Utakuwa umekubaliwa na huna pa kwenda.

Haya, makaratasi, na hapa ndo Wazanzibari tunapoumia zaidi, mana fomu ya CSS Profile, ile ambayo vyuo vingi hupimia uwezo wa familia, imetengenezwa kwa mzazi mwenye mshahara na karatasi ya kodi. Wako anaweza kuwa na mikarafuu Pemba na mama analima mwani. Sasa usikae ukaandika tu nambari ya kubuni. Karafuu zinauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na ZSTC inatoa risiti, kusanya risiti za misimu kadhaa, usichukue ya mwaka mmoja, kwa sababu mkarafuu unazaa sana mwaka mmoja halafu unakuja mwaka hauna kitu, na yule ofisa aliyekaa Massachusetts akiona risiti ya mwaka wa neema peke yake ataona baba yako ni tajiri. Mwambie wazi kwenye sehemu ya maelezo maalum: mavuno hayalingani, hii ni misimu mitatu, wastani wake ni huu. Mwani hauna risiti mara nyingi, mama anapimiwa kilo anapewa pesa mkononi, basi muombe anayenunua aandike karatasi yenye kilo na bei, au daftari la mama lipigwe picha. Ongeza stetimenti ya pesa za simu na ya benki kama ana akaunti PBZ.

Barua ya sheha ina nguvu kuliko watu wanavyodhani ila iandikwe vizuri. Siyo ile ya "namtambua mkaazi huyu" tu. Mwambie sheha aweke majina ya wazazi, kazi zao, watu wangapi wanakula nyumba hiyo, na makadirio ya kipato kwa mwaka, halafu muhuri na saini. Ipigwe tafsiri ya Kiingereza, na uliza chuo kama wanataka mtafsiri rasmi au mwalimu wa skuli anatosha. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na watu ofisini wanatoka mapema, dedilaini nyingi nazo ni tarehe 1 Machi, kwa hivo mtu wa nyumbani aifuate barua kabla ya mfungo.

Halafu familia zetu. Baba ana wake wawili nyumba mbili, fomu haina pahala pa kuweka hilo. Bibi anakaa na nyinyi, watoto wa marehemu shangazi wanakaa na nyinyi, mjomba yuko Muscat anatuma kidogo kila Idi. Yote andika. Walioko mikononi mwa baba yako wanapunguza kile anachoweza kukulipia, na pesa ya mjomba ukiificha ikaonekana kwenye stetimenti wataacha kukuamini kwenye mengine yote. Aya mbili tatu zilizo wazi zinatosha, usilie, eleza tu nyumba yenu inaishi vipi. Nambari jaza kwa shilingi, fomu inakuruhusu.

CSS ina ada, dola 25 chuo cha kwanza na 16 kila kinachofuata, na msamaha wao wa kawaida ni wa Wamarekani, lakini vyuo vyengine vina namba maalum (code) ya kusamehewa ada ukiomba, na vyengine vinakubali fomu yao wenyewe ya bure. Uliza kabla hujalipa. Ada ya Common App, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi, pia ina msamaha kwa wanaohamia.

Kuhusu mikopo: ukiwa hutaki riba, tazama kama chuo kinajaza pengo kwa ruzuku na kazi ya chuoni tu. Princeton iliondoa mikopo kwenye msaada wake tangu 2001 na vyengine vimefuata, lakini vipo vingi ambavyo bado vinahesabu mkopo kama msaada, kwa hivo barua ya msaada isome mstari kwa mstari. Na kama saivi unasomeshwa na skolashipu au mkopo wa bodi, soma mkataba wake kabla ya yote, usije ukahama ukadaiwa.

Krediti: weka silabasi za kila somo ulilosoma, mana chuo kipya kitataka kuona umesoma nini, jina la somo peke yake halitoshi. Vingi vinataka angalau miaka miwili ya mwisho usome kwao, ndo mana wakati mzuri ni kuhama baada ya mwaka wa kwanza au wa pili. Vyeti vya NECTA vya Form Four na Six utavihitaji tena, hasa ukihama mapema. Na walimu wawili wanaokujua kwa jina, waombe barua Januari.

Viza sasa. Ukihama ukiwa ndani ya Marekani na rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa nje, iko hai, huanzi upya: chuo cha zamani kinaihamisha rekodi kwenda kipya, kipya kinakutolea I-20, ile karatasi ya kuthibitisha nafasi yako kwa ajili ya viza, na ile ada ya SEVIS ya dola 350 hulipi tena. Lakini usimruhusu ofisa wa wanafunzi wa nje kuiachia rekodi mpaka una barua ya kukubaliwa NA barua ya msaada mkononi, kwa sababu ikifika ile tarehe ya kuachiwa chuo cha zamani hakina tena uwezo nayo. Usishuke chini ya krediti 12 kwa muhula kwa hasira ya kuondoka. Masomo mapya yaanze ndani ya miezi mitano tokea rekodi ilipoachiwa, na ukifika ujiripoti kwa ofisa wa chuo kipya ndani ya siku 15 tokea tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20. Ukitaka kuja nyumbani katikati muulize huyo ofisa kabla ya kukata tiketi, mana mambo ya viza yanabadilika, na kama yako imeisha unaweza usipate nyengine, Januari 2026 Marekani ilisitisha kutoa viza za F-1 kwa raia wa Tanzania.

Majibu ya vyuo mengi yanatoka Aprili mpaka Juni. Barua ya msaada ikija na pengo hata la dola elfu tatu, waandikie siku hiyo hiyo waulize kama linazibika, na usilipe amana ya nafasi mpaka wakujibu.