Mfumo wa kuweka nafasi mgahawani: chagua unaofika hadi jikoni

Migahawa mingi ya Mbeya na Iringa hupokea nafasi kwa simu, kwa WhatsApp, na kwa mteja anayepita kaunta akasema, "Jumamosi tutakuja watu kumi." Zote huishia kwenye daftari. Daftari lenyewe halina ubaya. Tatizo ni kwamba halitembei: mpishi hajui kuna watu kumi, aliyeingia zamu ya jioni hajui, na keshia hajui kwamba nusu ya pesa imeshalipwa. Ukinunua programu inayobaki kaunta vilevile, umenunua daftari la bei ghali.

Kwa hiyo kabla hujaangalia programu yoyote, chukua oda moja ya kundi na uifuate kwenye karatasi. Anayepokea simu anahitaji jina, namba, idadi ya watu, siku, saa, chakula kilichoagizwa mapema na malipo ya awali. Anayekwenda sokoni Mwanjelwa anahitaji kujua tangu jana yake kwamba kesho kuna kuku sita wa kienyeji. Jiko linahitaji saa ya kuanza kuchemsha, ambayo si saa ya mgeni kufika. Msimamizi wa ukumbi anahitaji meza, keshia anahitaji kiasi kilicholipwa. Mfumo unaofaa ni ule unaompa kila mmoja habari yake bila mtu kukimbia na kikaratasi.

Kama unapata nafasi mbili tatu kwa siku na makundi ni nadra, usinunue kitu. Jedwali la Google Sheets lenye safu hizo, likafunguliwa kwenye simu ya kaunta na ya jikoni, linatosha. Mgahawa wa Uyole au Ipogolo unaoishi kwa wasafiri wa mabasi na malori nao hauna haja. Wageni wale hawaweki nafasi, wanataka sahani mezani mara moja.

Saa

Hapa ndipo mifumo ya nje ya nchi hukwama zaidi, na wauzaji hawapataji. Mteja anasema "saa mbili," mhudumu mwenye haraka anabonyeza 2:00, mfumo unaandika saa nane mchana. Jioni familia inafika na meza imeshatolewa kwa wengine.

Dawa yake ni kugawa siku kwa zamu ndani ya mfumo. Tengeneza zamu iitwayo "Mchana", 12:00 hadi 15:30, na nyingine iitwayo "Usiku", 18:00 hadi 21:30. Mhudumu achague zamu kwanza, kisha saa. Akiwa ndani ya "Usiku" hawezi kuiona 14:00 kabisa. Mfumo usioruhusu zamu kupewa majina ya Kiswahili, au unaoonyesha saa zote 24 kwa mpigo, uache.

Kagua pia majira ya saa kwenye mipangilio. Yanapaswa kuwa ya Dar es Salaam au Nairobi, ambayo ni sawa. Ukiyaacha ya London, nafasi zitapishana kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao na saa tatu wakati wa baridi yao, maana wao hubadilisha saa na sisi hatubadilishi.

Ujumbe wa kuthibitisha uandikwe kwa Kiswahili na utaje "usiku" au "mchana" kwa maneno. Kama unatuma kwa SMS, usizidishe herufi 160. Ukiweka hata emoji moja, kikomo cha ujumbe mmoja hushuka hadi herufi 70 na unaweza kulipia mbili au tatu bila kujua.

Jiko na meza

Ukumbi wa viti 60 haumaanishi unaweza kupokea watu 60 saa mbili kamili. Chukua chakula kinachochelewa kuliko vyote, mara nyingi nyama ya kuchoma au kuku, upime mambo mawili: kinachukua dakika ngapi, na jiko linatoa sahani ngapi kwa mkupuo mmoja. Tuseme ni sahani 16 kila dakika 40, na nusu ya wageni huagiza chakula hicho. Basi jiko linahimili wageni 32 kwa dakika 40, yaani 12 kwa kila robo saa. Weka namba hiyo kwenye mipangilio kama kikomo. Mfumo usio na kikomo cha wageni kwa kila robo saa utakujazia meza na kukuulia jiko.

Muda wa kukaa uanze hivi: meza ya watu wawili dakika 90, ya wanne 120, ya sita na zaidi 150. Baada ya wiki mbili linganisha na saa zilizochapwa kwenye bili, kisha rekebisha.

Ramani ya meza iweze kufunga sehemu nzima kwa mguso mmoja. Juni na Julai usiku, mgeni wa Mbeya au Njombe hatakubali kukaa bustanini, na masika meza zisizo na paa hazihesabiki. Mfumo ukiendelea kuuza viti vya nje, utawakuta watu wanne wamesimama mlangoni na makoti yao.

Kuungana na mauzo

Kila muuzaji atakwambia mfumo wake wa nafasi unaungana na mifumo yote ya mauzo, yaani ile ya kufungua na kufunga bili. Usibishane naye. Mwambie aonyeshe mambo matatu kwenye vifaa vyako mwenyewe: mgeni akifika, bili ifunguke ikiwa na jina na meza yake, malipo ya awali yaonekane kwenye bili hiyo, na bili ikifungwa, meza ijionyeshe kuwa wazi. La tatu ndilo la kukazania. Kama mhudumu analazimika kubonyeza sehemu mbili, Ijumaa usiku hatabonyeza, na kufikia saa tatu ramani itakuwa inadanganya.

Malipo ya awali hupunguza kinachobaki kulipwa, hayapunguzi thamani ya mauzo. Bili ya shilingi 300,000 iliyotanguliziwa 100,000 bado ni mauzo ya 300,000. Ona jinsi inavyotoka kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, kabla hujasaini chochote, na ukubaliane na mhasibu wako ni lini risiti ya malipo ya awali itolewe.

Mifumo mingi ya nje hupokea malipo hayo kwa kadi, wakati wateja wako wanatumia Lipa Namba. Hilo si kikwazo mradi kuna sehemu ya kuandika kiasi na namba ya muamala. Ila anayeandika athibitishe kwenye simu au taarifa ya mgahawa, asiamini picha ya ujumbe aliotumiwa na mteja.

Jaribio la kuzima ruta

Omba wiki mbili za majaribio, kisha fanya hivi. Fungua mfumo kwenye simu mbili. Zima ruta. Ingiza nafasi ya meza namba 5 kwenye simu ya kwanza, kisha nafasi nyingine ya meza hiyohiyo, saa ileile, kwenye ya pili. Washa ruta. Mfumo mzuri utapiga kelele kuna mgongano; mbaya utazihifadhi zote mbili kimya, na mwingine utapoteza moja. Hata ukifaulu, nunua UPS ndogo (betri ya akiba) ya ruta na uweke bando kwenye simu ya kaunta, maana umeme haukatiki kwa ratiba ya mgahawa.

Bei na taarifa za wateja

Kuna ada ya mwezi, na kuna ada ya kila mgeni. OpenTable, kampuni ya mfumo wa kuweka nafasi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, ilijenga biashara yake kwa kuwaleta wateja kupitia tovuti yake yenyewe, na hapo ada ya kila mgeni ina maana. Mgahawa wa mtaa wa Forest, Mbeya, au Gangilonga, Iringa, haupati wateja kwa njia hiyo. Hata makundi yanayopita Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha huletwa na kampuni za utalii. Chagua ada ya mwezi isiyobadilika, na kama ni ya dola, acha pengo kwenye bajeti kwa siku dola itakapopanda.

Majina na namba za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kila mhudumu awe na neno siri lake, na muuzaji aonyeshe jinsi ya kupakua orodha yote kwenye faili la Excel. Akisita hapo, mkataba utakushika shati siku ukitaka kuondoka.

Kuhama kufanyike Jumatatu, kwenye wiki isiyo na shughuli. Si wiki ya Nanenane wala msimu wa mahafali. Hamisha nafasi zote zijazo kwa mkupuo, kisha daftari liondoke kaunta siku hiyohiyo. Likibaki, nusu ya nafasi zitaandikwa huko, na meza moja itauzwa mara mbili.