Mifuko ya uyoga iliyochoka, bata wanaitaka

Wenzangu mnaootesha uyoga wa mamama (oyster) kwa majani ya mpunga, ile mifuko iliyokwisha kuzaa msiikimbize jaani yote. Mimi huichana nikainusa kwanza. Ikinukia uyoga na utando wake ungali mweupe, natoa majani yaliyomo, nayachambua kwa mkono, nayaanika juani juu ya jamvi mpaka yanavunjika yakikamatwa, kisha nayatwanga na kuyachekecha. Mifuko yenye doa la kijani au jeusi, hata la ukubwa wa ukucha, inakwenda kwenye migomba. Hapo sina huruma, maana bata hawahimili sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ni dhaifu kuliko hata kuku. Masika pia siigusi kazi hii. Jua la kubahatisha linaotesha ukungu tu.

Kipimo changu ni kibaba 1 kwa pishi 5 za chakula (pishi ni vibaba 4), na nilianza na nusu yake. Kinachopungua ni pumba, si dagaa wala mashudu. Uyoga umelainisha yale majani, ndiyo, lakini bado ni makapi, na bata anayetaga anataka protini. Makombe ya chaza yaliyopondwa nawawekea pembeni, ganda la yai lisiwe kama karatasi.

Rowesha kidogo kabla ya kuwapa, vumbi kavu linawakwama. Kikibaki mpaka adhuhuri, mwaga, kimeshaanza kuchacha.

Mifuko ya unga wa mbao mie siwapi kabisa. Hujui ule mbao ulipakwa dawa gani.